Fundi, faili langu limekwenda wapi?

Nimesevu orodha ya wakulima wa korosho, umeme ukakatika hapohapo. Nilipowasha, faili lipo ila ni tupu. Virusi? (Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, Tandahimba)

Hapana. Ukisevu, data huingia kwanza kwenye bafa (hifadhi ya muda) ya keneli, kiini cha mfumo endeshi, yaani ndani ya RAM, na diski huandikiwa baadaye. Kwenye Linux inaweza kukaa humo sekunde 30 hivi. Mwaka 2009 watumiaji wa ext4, mfumo wa faili wa Linux, walilia kilio chako: jina jipya la faili lilitangulia kufika kwenye diski, yaliyomo bado. Theodore Ts'o, mtunzaji wa ext4, aliwaambia waandishi wa programu waite fsync, agizo la kulazimisha data iandikwe kwenye diski, ila naye akatia kiraka kwenye keneli 2.6.30. Kwangu mimi kiraka kilistahili. Karani hajui fsync wala hana haja ya kuijua. Nunua UPS, betri ya akiba ya kompyuta.

Nikinakili faili, baa ya maendeleo kwenye skrini ikijaa nachomoa flashi ya mteja. Nakosea? (Stesheneri, Lindi)

Ndiyo. Baa inaweza kuwa inahesabu kilichofika kwenye bafa tu. Itoe kwa utaratibu, ungoje uambiwe tayari.

Shikamoo fundi. Kurekebisha hitilafu ya bafa ni kuandika keneli upya? (Mwanafunzi, Mtwara)

Marahaba. Wakati mwingine ni mistari miwili tu. Max Kellermann, mwandishi wa programu, alianza na lalamiko dogo: faili la logi (kumbukumbu za seva) lililobanwa halifunguki. Akakuta baiti 8 za mwisho zimefunikwa na za faili la zip. Kufuatilia kukamfikisha kwenye keneli: bafa ya paipu (njia ya kupitisha data kati ya programu) ilikuwa ikitumika tena bila alama zake za zamani kufutwa, kwa hiyo mtu asiye na ruhusa aliweza kuandika juu ya faili la kusoma tu. Hiyo ndiyo Dirty Pipe, hitilafu yenye namba CVE-2022-0847. Dawa yake ni `buf->flags = 0`, sehemu mbili. Shida ilikuwa kuipata hitilafu, maana data ilikuwa ikiharibika kimyakimya. Tundu liliweza kutumika tangu keneli 5.8, likazibwa kwenye 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102. Andika `uname -r` uone yako, ingawa distro (matoleo ya Linux) nyingine huziba bila kupandisha namba.

fsync ikirudisha kosa, niite tena? (Masasi)

Ukiita, usiamini jibu. Watunzi wa PostgreSQL, programu ya hifadhidata, waliligundua hilo 2018: Linux huripoti kosa mara moja, kisha ukurasa (kipande cha data kwenye RAM) ulioshindwa kuandikwa unahesabiwa safi, hivyo mwito wa pili unajibiwa "sawa" na diski haina kitu. Tangu 2019 PostgreSQL hujiangusha yenyewe na kurudia kazi kutoka kwenye WAL, daftari la mabadiliko linaloandikwa kwanza. Kama programu yako haina daftari la namna hiyo, andika faili zima upya, kwa jina jingine.