Mnaoanza kuhesabu ndege kwenye miombo ya Tabora, msimkimbilie mmoja mmoja

Wadogo zangu mnaoingia fildi mara ya kwanza huku Sikonge na Urambo, kuna ndege mmoja alinitesa msimu mzima na sitaki awatese na nyie. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, kichwa kijivu chenye manyoya meupe yamesimama mbele kama brashi, urefu kama sentimita 20 hivi. Vitabuni ni Prionops plumatus. Ukimpata karibu angalia jicho, ni la njano, na limezungukwa na kinyama cha njano chenye pembe pembe kama meno ya msumeno, kinapendeza sana kwa kweli. Mtoto hana hicho kinyama na jicho lake ni la kahawia.

Mimi nilikuwa naona mmoja kwenye mti wa mtundu naandika, nageuka naona mwingine kwenye mninga naandika, jioni daftari limejaa halafu msimamizi akauliza ni makundi mangapi, nikakosa jibu, kumbe siku nzima nimehesabu ukoo uleule unanizunguka. Hawa hawaishi mmoja mmoja, ni familia ya saba, nane, wakati mwingine zaidi, wanakula pamoja wanahama pamoja.

Mzee mmoja wa mizinga ya nyuki ndo alinikalisha chini, akasema kijana sikiliza kwanza. Utasikia makelele ya wengi kwa pamoja na midomo inagonga ta-ta-ta kama mtu anavunja vijiti vikavu. Basi usikimbie, kaa tu, watakuja wenyewe mti kwa mti wakichokoa viwavi na wadudu kwenye majani na magome, kiangazi wanashuka mpaka chini. Wakifika kwenye uwazi, iwe barabara au mbuga, wanavuka wakifuatana, hapo ndo pa kuhesabu, na usiondoke haraka maana kuna wa mwisho huwa anachelewa. Angalieni pia wasichanganyike na ndugu yao Prionops retzii, yule mweusi mwenye mdomo na miguu myekundu, mara nyingi wanatembea msafara mmoja, na mlamba, ndege mwingine mweusi, naye humo humo.

Jioni wafuateni mpaka wanapolala, wanajipanga tawi moja wamebanana bega kwa bega, hesabu tena.

Sasa mwezi wa tisa, wa kumi, miombo ikitoa majani mekundu, namba inaweza kupungua moja kila ukihesabu. Usifute namba ya mwanzo. Kwenye ukoo jike moja ndo linataga ila wote wanajenga, wanapokezana kulalia mayai, wanalisha makinda, kwa hiyo huyo anayekosekana yawezekana yuko kiotani. Tafuta kwenye panda ya tawi, kikombe kidogo cha magome kimefungwa kwa utando wa buibui, ukipita haraka unaona kama nundu tu ya mti. Ukishakiona rudi nyuma, usikishike.