Kishikwambi kinajizima na chaji bado ipo: kiangalie dakika za mwanzo kabla ya kununua betri

Kishikwambi kikizima ghafla huku kikionyesha asilimia 35 au 40, watu wengi hukimbilia dukani kununua betri. Mara nyingi kweli betri ndiyo yenye kasoro. Lakini si mara zote, na hata ikiwa ni betri, kuna kasoro mbili zisizofanana kabisa, na moja inaweza kurekebishwa bila kutoa hata shilingi. Kinachotofautisha haya yote ni kile kifaa kinachofanya ndani ya dakika mbili tatu baada ya kuzima. Dakika hizo ndizo watu huzipoteza kwa kuchomeka chaja haraka.

Kwanza hakikisha kimezima kweli. Wakati mwingine kioo tu ndicho kinachokuwa cheusi. Washa muziki, kisha subiri tatizo lijirudie: sauti ikiendelea, kifaa kiko hai. Mulika kioo kwa tochi kutoka pembeni. Ukiona picha hafifu, taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa na betri haihusiki. Vua pia jalada. Vishikwambi vingi vina kihisi cha sumaku kinacholaza kioo jalada likifungwa, na sumaku ya jalada lililokunjwa nyuma inaweza kukidanganya kihisi hicho. Kava gumu linaloganda nalo huweza kukandamiza kitufe cha kuwasha, na kitufe hicho kikibanwa kwa sekunde kumi hivi, vifaa vingi huzima au kujiwasha upya kwa lazima.

Ikiwa kimezima kweli, usichomeke chaja. Bonyeza kitufe cha kuwasha, uone.

Kikiwaka bila chaja na kuonyesha asilimia ileile, shuku joto, programu au waya uliolegea. Kikigoma, ndipo uchomeke chaja uangalie namba ya kwanza itakayotokea. Ikiwa ni 0, 1 au 2, basi ile 35 ilikuwa ya uongo: betri ilikuwa imekwisha na kipimo hakikujua. Ikiwa kinawaka na kusema tena asilimia 33 au 34, chaji ipo kweli ndani ya betri, ila betri imeshindwa kuitoa kwa kasi inayotakiwa. Hili la mwisho ndilo la kawaida zaidi kwa vifaa vilivyokaa miaka mitatu na kuendelea, na ndilo lisiloeleweka, kwa hiyo tulieleze vizuri.

Betri ya lithiamu iliyojaa huwa na volti 4.2, nyingine hufika 4.35. Ikiwa katikati huwa karibu na 3.8. Kifaa huwa kimepangiwa kiwango cha chini, kwa kawaida karibu na volti 3.3 au 3.4, ambacho kikivukwa kinajizima ili betri isiharibike. Asilimia unayoiona ni makadirio ya chaji iliyobaki, lakini kinachoamua kuzima ni volteji ya wakati huohuo. Vitu hivi viwili huachana betri inapozeeka, kwa sababu ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia umeme kupita, huongezeka.

Fanya hesabu. Kishikwambi cha inchi 10 chenye mwanga wa juu, kamera inarekodi na intaneti iko wazi, kinaweza kuvuta wati 9 hivi, yaani kama ampea 2.5. Betri yenye ukinzani wa omu 0.08 itapoteza volti 0.2 ndani yake, hivyo 3.8 itakuwa 3.6, na kazi itaendelea. Betri iliyochoka yenye omu 0.25 itapoteza zaidi ya volti 0.6, na 3.8 ileile itashuka chini ya 3.2. Kifaa kinazima hapohapo. Mzigo ukiondoka, volteji inapanda tena kuelekea 3.8, ndiyo maana ukichomeka chaja unaiona asilimia yako imerudi na unadhani simulizi ya betri mbovu ni uzushi. Baridi nayo huongeza ukinzani, kwa hiyo betri iliyoanza kuchoka itaonyesha kasoro hii Njombe asubuhi ya Julai kabla ya kuionyesha Dar es Salaam.

Usikisie, pima. Programu kama CPU-Z huonyesha volteji na joto la betri. Kwa kifaa cha Android, mwenye kompyuta yenye adb, zana ya kukiamuru kifaa kupitia waya wa USB, anaweza kutumia amri ya adb shell dumpsys battery. Volteji hutolewa kwa milivolti, kwa mfano 3812, na joto kwa sehemu za kumi za digrii, kwa hiyo 312 ni nyuzi 31.2. Betri ikiwa kati ya asilimia 40 na 50, punguza mwanga hadi chini, funga kila kitu, subiri dakika mbili, andika volteji. Kisha weka mwanga wa juu kabisa, anza kurekodi video, subiri nusu dakika maana namba haibadiliki papo hapo, usome tena. Ikishuka kwa volti 0.1 au 0.2, betri bado ina nguvu. Ikishuka kwa 0.4 au zaidi na kupanda tena ukisimamisha video, betri imechoka, na hakuna programu wala mpangilio utakaoiponya. Kupunguza mwanga, kuacha kugawa intaneti na kutokuruhusu chaji ishuke chini ya nusu kutakusogeza wiki kadhaa tu.

Umri ni sababu ya kawaida, wala si dalili kwamba umetumia vibaya. Apple inasema betri za iPad zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 1,000 kamili ya chaji. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 nchini Tanzania, vikaja kugawiwa walimu, vimeshafika umri wa kupimwa namna hii, hasa vilivyokaa kabatini muda mrefu vikiwa tupu. Betri ikilazwa kwenye sifuri huendelea kupoteza chaji kidogo kidogo hadi kushuka mahali ambapo kemia yake inaharibika. Kifaa kisichotumika kizimwe kikiwa na asilimia 50 hivi na kikaguliwe kila baada ya miezi michache.

Sasa ile kasoro ya kipimo cha uongo. Saketi ya kupima chaji huhesabu mkondo unaoingia na unaotoka. Makosa madogo hujilimbikiza, hasa kwa mtu anayechaji kutoka 40 hadi 80 kila siku bila kugusa miisho, kwa sababu miisho ndiyo inayoiruhusu saketi kujisahihisha. Kuirekebisha, chaji hadi 100 na uache chaja kwa saa moja au mbili zaidi. Tumia kifaa kwa kazi nyepesi, kama kusoma au kucheza video kwa mwanga wa wastani, hadi kizime chenyewe. Kikizima, jaribu kukiwasha mara moja. Kikikataa, kiache saa tatu au nne. Kisha kichaji kikiwa kimezimwa, bila kuchomoa, hadi kijae. Ikiwa sasa kinashuka taratibu hadi 3 au 2 kabla ya kuzima, umemaliza. Ukirudia mara ya pili na bado kinaruka kutoka 30 hadi 0, uwezo halisi wa betri umepungua kuliko saketi inavyoweza kusahihisha, badilisha. Usifanye zoezi hili kila mwezi: kuimaliza betri kabisa kunaichosha.

Achana na programu zinazodai kurekebisha betri kwa kufuta faili la batterystats. Faili hilo huhifadhi takwimu za programu gani imetumia umeme kiasi gani. Haligusi saketi ya kupima.

Kwa kifaa kinachowaka tena chenyewe bila chaja, angalia kwanza kama kilizima kimya au kilijiwasha upya. Nembo ikitokea yenyewe, mara nyingi ni programu iliyoanguka, au waya uliopoteza mguso kwa nukta moja. Washa hali salama: kwenye vifaa vingi vya Android unabana kitufe cha kuwasha, kisha unabonyeza kwa muda mrefu neno Zima mpaka hali salama ijitokeze. Humo programu ulizopakua mwenyewe hazifanyi kazi. Kitumie siku nzima. Kikitulia, ondoa programu moja moja ukianza na za karibuni. Joto utalijua kwa kusoma namba: betri ikipita nyuzi 45 iko pabaya, na ikikaribia 60 vifaa vingi vitajizima kujilinda. Kishikwambi kilichoachwa juu ya dashibodi ya gari juani hufika huko bila kufanya kazi yoyote.

Waya uliolegea hujulikana kwa harakati. Kiweke mezani kicheze video saa nzima. Kikitulia pale lakini kikazima ukikinyanyua au ukikigusa pembeni kwa kidole, muunganisho umelegea. Vishikwambi vya bei nafuu vya inchi 7 vina betri ambayo nyaya zake zimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na kikianguka, risasi ya kulehemia hupata ufa usioonekana kwa macho. Kulehemu upya nyaya hizo ni kazi ya dakika chache. Inasikitisha kuona mtu ameuziwa betri nzima kwa ajili ya ufa huo.

Kabla ya kufungua chochote, angalia kama betri imevimba: kioo kimenyanyuka ukingoni, kifaa kinayumba juu ya meza bapa, au kuna doa la mwanga katikati ya kioo. Ukiona hivyo, acha kuchaji mara moja, usikibonyeze kirudi bapa, usitoboe, usitupe jalalani. Kiweke mbali na vitu vinavyoshika moto na ukipeleke kwa fundi kikiwa hivyohivyo.

Ukinunua betri Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, usianze na namba ya mAh, yaani ya uwezo wa betri. Anza na vipimo. Betri bapa nyingi zimeandikwa tarakimu sita, mfano 357090: unene milimita 3.5, upana 70, urefu 90. Zizidishe unapata milimita za ujazo 22,050. Gawanya kwa 7, unapata takribani 3,150, ambacho ndicho kiwango cha mAh cha kawaida kwa ukubwa huo. Betri nzuri sana inaweza kukaribia 4,000. Iliyoandikwa 6,000 kwa ukubwa huohuo inakudanganya, na muuzaji aliyedanganya uwezo hatakuwa mwaminifu kwenye ukinzani wa ndani. Usizidishe unene hata kwa nusu milimita, maana kioo kitaibana.

Angalia pia idadi ya nyaya. Nyekundu na nyeusi ni umeme. Ya tatu, mara nyingi njano au nyeupe, kwa kawaida ni ya kihisi joto. Kihisi cha aina inayotumika sana husoma karibu kiloomu 10 kwenye nyuzi 25 ukipima kati yake na nyeusi. Fundi akiiacha bila kuiunga, kifaa kinaweza kukataa kuchaji au kujizima kwa kusoma joto lisilo sahihi. Nyaya zikatwe mmoja mmoja, kila ncha ifungwe utepe kabla ya kukata unaofuata. Mkasi ukigusa mbili kwa pamoja, cheche hutoka.

Na kama betri ni nzima, joto ni la kawaida, nyaya zimelehemiwa na bado kinazima, shuku aisii ya pawa, yaani chipu inayogawa umeme ndani ya kifaa, au bodi iliyoingia maji. Mwombe fundi akiwashe kwa umeme wa benchi, yaani wa mashine ya fundi ya kutoa umeme, wa volti 4.0 wenye uwezo wa ampea 3, ukiunganishwa mahali pa betri, kihisi joto kikibaki mahali pake, halafu akipe kazi nzito ya kamera kwa dakika kumi. Kikizima hata hapo, betri haina hatia na usilipie nyingine. Kisipozima, mrudishie muuzaji ile betri mpya.