Wasifu wa mwalimu wako

Langoni, Lamu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Umeuliza uuandikeje wasifu wa marehemu mwalimu wako, usomwe shuleni baada ya hitma, nawe umepewa dakika 5. Hizo ni kama maneno 500. Ukizidisha, wazee wataanza kutazama saa.

Anza na tarehe, maana ndizo zinazoumbua. Waombe jamaa zake barua ya ajira ya Tume ya Huduma za Walimu na ya kustaafu. Usitegemee kumbukumbu za barazani. Mtu atakwambia alitayarisha watoto kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, mwaka 1980, na mtihani huo ulianza 1985. Kabla yake ulikuwa CPE. Umri nao una mtego: miaka 68 ya Hijria ni kama 66 ya Miladia, kwa kuwa mwaka wa mwezi hupungua siku 11 hivi. Shika hesabu moja tu.

Ya darasani sentensi nne zinatosha. Penye uzito ni ushauri nasaha aliowapa wanafunzi, na hapo ndipo wengi huharibu. Hutafuta kisa cha kuliza watu, wakaondoa jina wakidhani wamesitiri. Kwa Lamu hii! Sema tu "msichana wa Mkomani aliyerudi shule baada ya kujifungua", hujageuza ukurasa washamjua. Siri aliyoifunika mwalimu miaka yote umeitoa wewe kwa kipaza sauti. Hata mwenyewe akikuruhusu, wanawe hawakuulizwa.

Wewe andika alivyoifanya kazi: alikaa wapi na mtoto, mlango wazi au umerudishwa, alianza kwa kuuliza nini, mzazi alimwita lini, mtoto akihitaji hospitali, alimwandikia barua au alifuatana naye. Waulize walimu wenzake wawili, kila mmoja peke yake, uandike wanapokubaliana. Uliza na habari za bakora. Serikali iliipiga marufuku shuleni 2001. Kama yeye aliiweka chini mapema zaidi, sentensi hiyo moja inashinda "alikuwa mpole", neno ambalo kila marehemu hupewa.

Dua waachie masheikh. Majina ya wanawe yapitiwe na mkubwa wao, asije akasahauliwa mtu. Kisha soma kwa sauti mara mbili, saa iko mbele yako, unitumie nakala nikutazamie tahajia.

Mamako