Servisi ya gari: kwa dila au kwa fundi wa mtaani? Haya ndo niliyoyaona mimi

Mdogo wangu kanunua gari, imetumika, ina kama miaka tisa hivi, na juzi kanipigia ananiuliza dada sasa servisi niwe napeleka wapi, kwa dila (yule wakala rasmi wa kampuni ya gari) au kuna fundi unamwamini? Nikaanza kumjibu nikajikuta nimeongea karibu saa nzima, na nlipokata simu nikakumbuka mengine mengi sikuyasema, kwahiyo nayaandika hapa maana najua si yeye peke yake anayejiuliza.

Niseme mapema kwamba mimi nimepita kote. Gari yangu ya kwanza nliinunua mpya, nikaipeleka kwa dila kila servisi hadi waranti ilipoisha. Ya pili nliinunua kwa mtu na hiyo nimezunguka nayo kwa mafundi mpaka basi. Nimepoteza hela kwa dila na nimepoteza hela kwa fundi, na kote nimekutana na watu wanaoipenda kazi yao. Kwahiyo mtu akiniuliza wapi ni bora, mi namuuliza kwanza gari ina umri gani na ni kazi gani inataka kufanywa, bila hivyo siwezi kumjibu.

Tuanze na waranti maana ndo inayowatisha watu. Kama gari yako bado iko ndani ya waranti, mi ushauri wangu ni dila, ila elewa sababu. Wengi wanaamini ukigusa gari nje ya dila mara moja tu basi waranti imekufa, na kuna nchi hiyo si kweli kabisa. Marekani kuna sheria tangu 1975 inayomzuia mtengenezaji kukulazimisha utumie gereji yake au spea zenye jina lake ndo akupe waranti, labda kama anakupa bure. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina kanuni za namna hiyo, za 2002 na zikafuatiwa na nyingine 2010. Lakini hata huko, siku injini ikifa wewe ndo unatakiwa uonyeshe kwamba servisi zilifanyika kwa wakati wake, na oili ya kiwango kilichoandikwa, na filta inayostahili. Sasa fundi wako aliyekuandikia "servisi" kwenye kikaratasi bila tarehe, bila mileji, bila aina ya oili, hapo utabishana na nani? Kwa dila karatasi zinajitunza zenyewe. Na kuna kitu kingine watu hawakisemi, waranti ikiwa imeisha juzi tu na kitu kikubwa kikaharibika, mtengenezaji anaweza kukubali kuchangia gharama kama gari imekuwa ikihudumiwa kwa dila muda wote. Si haki yako, ni hisani, ila ipo na mi nimeshaiona ikimsaidia mtu wangu wa karibu.

Soma kile kitabu cha waranti lakini. Kisome chote.

Alafu kuna hili la kasoro za kiwandani, na hapa naomba unisikilize vizuri hasa we uliyenunua gari kwa mtu. Mtengenezaji akigundua kasoro ya usalama anayaita magari yarudi kwa dila yarekebishwe bure, na haijalishi ulikuwa unafanyia servisi wapi wala we ni mmiliki wa ngapi. Mnakumbuka zile airbag (mifuko ya hewa ya usalama) za kampuni ya Takata? Zile zilikuwa na kemikali ya kulipulia ambayo ikikaa miaka kwenye joto na unyevunyevu inaharibika, airbag ikifunguka kile chombo chake cha chuma kinapasuka na vipande vinamrukia dereva. Watu wamekufa. Mamilioni na mamilioni ya magari ya kampuni tofauti tofauti yaliitwa, na barua zinaenda kwa mmiliki anayejulikana, sasa gari ikishauzwa mara tatu barua inamfikia nani? Chukua namba ya chesisi, ile yenye herufi na tarakimu 17, iangalie kwenye tovuti ya mtengenezaji au mpigie dila akuangalizie. Fundi wa mtaani hata awe mzuri namna gani hii hawezi kukufanyia.

Sasa nije kwenye kilichoniuma. Ile gari yangu ya pili ina gia boksi ya CVT. Kuna gereji nlikuwa napeleka, servisi za kawaida za oili na filta wala sikuwa na shida nao, basi siku moja wakaniambia dada oili ya gia boksi imechoka tukubadilishie. Nikakubali. Sikuuliza wanaweka oili gani, na hapo ndo kosa langu lilipo. Baada ya siku chache gari ikaanza kutetemeka nikiondoka kwenye foleni, kama mtu ananivuta nyuma, na mlima ikawa inaunguruma bila kwenda. Kumbe wameweka oili ya kawaida ya gia otomatiki. CVT haina gia kama zile nyingine, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili ule mkanda ushike vizuri kwenye chuma bila kuteleza na bila kulika, ukiweka nyingine unateleza na ukiteleza unajikwangua. Wale jamaa hawakuwa wabaya, walifanya walivyozoea kufanya kwenye magari mengine, ila gari yangu ilihitaji mtu wa kufungua kitabu kwanza. Dila ndo walioimwaga na kuisafisha na kujaza ile inayotakiwa, kutetemeka kukapungua ila hakukuisha kabisa, na nikaishi nako hivyo hivyo. Bado naumia nikikumbuka maana gari ilikuwa nzima.

Ukisikia hiyo unaweza kusema basi dila tu. Ngoja.

Gari ile ile, mwaka uliofuata, ikaanza kugonga mbele nikipita kwenye matuta. Nikapeleka kwa dila maana nlikuwa nimeshaogopa gereji. Nikapokelewa vizuri, kiti kizuri, baadae nikapewa karatasi: shokapu mbili za mbele, kontrol amu mbili (ile mikono inayoshikilia tairi), na alainimenti. Bei ilinifanya nikae kimya. Nikaomba nione hicho kilichokufa nikaambiwa wateja hawaruhusiwi kuingia ndani, na yule aliyekuwa ananielezea hakuwa ameiona gari, alikuwa anasoma alichoandikiwa. Nikaondoka nikaenda kwa mzee mmoja ambaye kazi yake ni miguu ya gari tu, hana kingine. Akainua gari, akaingiza nondo hapa na pale akawa anatikisa, akaniita, "njoo uangalie mwenyewe dada." Linki ya stebilaiza upande wa kushoto ilikuwa inacheza. Kifimbo kidogo tu chenye jointi kila upande. Akabadilisha zote mbili chini ya saa moja na kelele ikaisha na haijarudi.

Nliwaza sana kuhusu hilo, kwanini dila wasione kitu ambacho mzee amekiona kwa nondo. Nlivyoelewa mimi ni kwamba kwa dila mambo mengi yamepangwa hivyo, kubadilisha kitu kizima ni haraka na kina uhakika kuliko kukaa kutafuta kidude kimoja, na anayeongea na wewe si anayeshika spana. Na servisi yako ya kawaida ya oili pale inawezekana anaifanya kijana anayejifunza, mana yule fundi wao mkubwa anawekwa kwenye kazi ngumu. Shorumu inang'aa lakini shorumu haishiki spana.

Kisa cha tatu ndo kilichonibadilisha mawazo kabisa. Taa ya cheki injini iliwaka, fundi akachomeka kimashine chake ikatoka kodi (namba ya hitilafu) P0171, akasema ni sensa ya oksijeni. Akabadilisha. Taa ikarudi. Akasema basi sensa ya hewa, akabadilisha, ikarudi tena. Sasa ile kodi maana yake ni kwamba injini inapata hewa nyingi kupita kiasi kwa petroli inayoingia, haisemi kitu gani kimekufa! Inaweza kuwa sensa chafu, pampu ya mafuta imechoka, au paipu imepasuka mahali inavuta hewa ya pembeni. Kodi inakwambia pa kuanza kutafuta, na mtu anayesoma kodi akakimbilia dukani hajatafuta. Nikaja kuelekezwa gereji moja inayoshughulika na magari ya kampuni iliyotengeneza gari yangu peke yake, si dila lakini mwenye nayo alishafanya kazi kwa dila miaka mingi. Wakapuliza moshi kwenye njia ya hewa ya injini na moshi ukatoka kwenye kipaipu cha mpira kilichopasuka kwa nyuma huko kusikoonekana. Kipaipu kidogo, na mi nishalipia sensa mbili.

Kwahiyo swali la dila au mtaani linasahau hawa watu wa tatu, na kwa gari iliyotoka kwenye waranti hawa ndo nawatafuta kwanza. Gereji ya aina moja ya gari. Wanajua magonjwa ya hiyo gari kwa moyo, wana mashine inayoongea na kompyuta ya gari karibu kama ya dila, na unaongea na mtu mwenyewe aliyelala chini ya gari.

Utamjuaje mzuri? Mi nasikiliza anauliza nini kabla hajafungua boneti. Anauliza kelele inatokea ikiwa ya moto au ya baridi, ukikata kona au ukinyoosha, ilianza lini, nani aliigusa mara ya mwisho? Huyo anafikiri. Alafu muulize utaweka oili gani kwenye injini yangu. Akijibu tu "oili nzuri" au akataja jina la kampuni ya oili, sio jibu. Jibu ni kama 0W-20 au 5W-30 pamoja na kile kiwango cha mtengenezaji kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, maana hizo namba ni uzito wa oili tu, gari za dizeli zenye filta ya moshi kwa mfano zinataka oili inayoacha majivu kidogo ikiungua na ukikosea unaziba filta ambayo ni ghali mno. Angalia anavyofunga nati za tairi, kama ana spana ya kupima mkazo au anagandamiza na mashine ya upepo hadi ilie. Muombe spea za zamani akurudishie. Na mpe kazi ndogo kwanza, breki pedi au filta, usianze naye kwa kumpa injini.

Kuhusu spea, kuna njia ambayo mi naitumia sana, nanunua spea kaunta ya dila na kumpelekea fundi wangu. Dila wanaitafuta kwa namba ya chesisi kwahiyo haikosewi, na ufundi nalipia bei ya fundi. Si kila kitu lakini. Plagi za NGK au Denso, gia za Aisin, vitu vya Bosch, hao ndo wengi wanaowatengenezea makampuni ya magari, ukikipata kwenye boksi lao kwa muuzaji wa kuaminika mara nyingi unalipa pungufu. Tatizo ni feki, na feki ya filta ya oili huwezi kuiona kwa macho. Ndo maana kwa vitu vya breki na oili mi siendi kutafuta unafuu.

Kwa dila nako kuna vitu vya kukataa. Wakikwambia tusafishe injini kwa dawa, tusafishe nozeli, tuweke kimiminika fulani kwenye tangi, waulize kwa upole hiyo iko ukurasa wa ngapi kwenye ratiba ya servisi ya mtengenezaji. Kama haipo, asante. Ila usikatae kila kitu kwa hasira, oili ya breki kwa mfano inanyonya maji taratibu hata gari isipotembea na ikiwa na maji inachemka mapema ukiwa unashuka mlima mrefu, watengenezaji wengi wanataka ibadilishwe kila miaka 2, hiyo ni ya kweli kabisa. Na taiming belti pia (mkanda unaopanga mwendo wa valvu na pistoni), ikikatika kwenye injini nyingi valvu zinagongana na pistoni na hapo servisi imegeuka kuwa kununua injini.

Kama ni haibridi au ya umeme mi sijadiliani, aliyesomea tu. Zile nyaya za rangi ya chungwa zina mamia ya volti, zinaua. Ila hata huko uliza, kuna gereji binafsi zenye watu waliosomea, na kuna vitu vidogo kama kusafisha filta ya feni inayopoza betri ambavyo vikisahaulika betri inakufa kabla ya wakati wake.

Mdogo wangu nimemwambia aanze hivi: Jumatatu ampigie dila na ile namba ya chesisi aulize kama gari ina kasoro iliyoitwa na haijafanyiwa kazi, na kama wana kumbukumbu za servisi zake za nyuma awaombe wamsomee. Akitoka hapo aende kwa ile gereji iliyonipatia kipaipu, abadilishe oili na filta zote, breki zikaguliwe, na anunue daftari aweke kwenye dashibodi, kila kazi tarehe, mileji, kilichowekwa, risiti imebanwa hapo hapo. Kwenye gia boksi asiguse mpaka nimeangalia naye kitabu.