Mama anaogopa kompyuta? Mwanzishie Notepad

Dada, nimekuelewa: mama ni katibu wa chama huko Kayole, anataka kuandika kumbukumbu za mikutano kwenye laptopu, ila Word yenye vitufe vyote vile inamtisha. Mpe Notepad, programu ndogo ya kuandikia. Imo tayari ndani ya Windows, bure. Shangazi yangu nilimfunza hivyo: nilibonyeza Ctrl na + hadi herufi zikawa kubwa, nikawasha Word Wrap mistari isitoroke nje ya skrini, kisha nikambandikia karatasi kando ya kibodi: "Ctrl+S kila ukimaliza aya," ili kazi ihifadhiwe. Karatasi bado ipo, imechakaa.

WordPad, ile programu nyingine ya kuandikia, usihangaike nayo. Microsoft iliiondoa kwenye Windows 11 mwaka 2024. Notepad si ya mahesabu, kwa hivyo michango ibaki daftarini. Na skrini ikidai pesa ndipo ifunguke, asibonyeze kitu, mwite fundi mnayemwamini.