Stiki ya oili inaruka: anza na briza

Pole, kaka wa Kibirizi uliyeuliza kuhusu injini ya boti yako. Ukiongeza moto (mwendo wa injini) stiki ya kupimia oili inaruka, na sili mpya ya nyuma, ile ya kuzuia oili isivuje, inavuja tena? Sili haina kosa. Gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni inajaa krankikesi (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na kukosa pa kutokea. Chomoa mpira wa briza (njia ya injini kupumulia) kwanza. Ukiwa umekunjika, umeziba kwa tope la oili au mwembamba mno, badilisha. Mafundi wengi wa mwaloni hukimbilia kushusha injini bure. Mpira ukiwa safi na injini bado inapumua kwa nguvu, pima kombresheni (mgandamizo ndani ya silinda), huenda ringi zimekwisha. Mdomo wa mpira usiuelekeze nje ya boti, oili itaishia ziwani na watu tunakunywa humo. Uingize kwenye kopo lenye tundu la hewa.