Maswali na Majibu: Mafunzo kwa Vitendo kwenye Vyombo Visivyo na Dereva

*Nimepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo kwenye karakana inayounda kigari cha kupeleka vifurushi bila dereva. Ninasoma uhandisi mitambo na sijui kuandika programu. Nitapewa kazi gani? (Mwanafunzi, Ipagala)*

Programu huamua kigari kielekee wapi, lakini kufika kwake hutegemea fremu, magurudumu, gia na kitasa cha sanduku la mzigo. Aghalabu mwanafunzi hukabidhiwa kipande kimoja, tuseme kitasa hicho, akichore kwenye kompyuta, atengeneze cha majaribio, kisha akifungue na kukifunga maelfu ya mara hadi udhaifu wake ujitokeze. Ni kazi isiyopigwa picha, nami naiona kuwa shule bora kuliko ripoti utakayoiandika baadaye.

*Kigari chetu hupanda mlima wa lami vizuri, ila kwenye mchanga hukwama. Je, mota ni dhaifu? (Fundi, Nkuhungu)*

Anza na hesabu. Kigari cha kilo 40 kina uzito wa niutoni 392 hivi. Kwenye mlima wa nyuzi 10, uzito huo hukirudisha nyuma kwa takriban niutoni 68. Mchanga mlegevu, tukikadiria kwamba unadai robo ya uzito, hukizuia kwa niutoni 98 hata pakiwa tambarare. Mota kubwa itamaliza betri mapema, kwa hiyo jaribu kwanza gurudumu pana lisilozama. Ukiongeza na kipenyo, pitia upya uwiano wa gia, kwa kuwa gurudumu kubwa huhitaji nguvu zaidi ya kulizungusha. Beringi nazo ziwe za kuzibwa, maana vumbi la kiangazi cha Dodoma halibishi hodi.

*Ndege zisizo na rubani zinazopeleka damu Rwanda zingeweza kuruka hapa? (Msomaji, Kisasa)*

Mwinuko si kikwazo. Dodoma iko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10, na Rwanda, ambako kampuni ya Zipline imekuwa ikirusha ndege zake tangu 2016, iko juu zaidi. Kibali hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mwanafunzi wa mitambo achunguze hasa namna zile ndege za mwanzo zinavyorushwa kwa manati, zinavyodondosha kifurushi kwa parachuti na zinavyonaswa kwa waya zinaporudi.

*Je, mafunzo haya yanahesabiwa katika SEAP? (Mwanafunzi, Makulu)*

Hapana. SEAP, mpango wa mafunzo kazini wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ni wa miaka 3 na ni wa wahitimu.